Unga wa Kuotesha Mfupa

Profesa, kama alivyojiita mwenyewe, hakuingia hospitalini kwa sababu ya ugonjwa. Nje jua lilikuwa linachoma, na ukumbi wa wodi ya mifupa ulikuwa na feni. Alikaa kwenye benchi, akafumba macho, masikio akayaacha wazi kama kawaida yake.

"Mfupa wako wa muundi una pengo," daktari alikuwa akimwambia fundi cherehani mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. "Jumatatu tutafungua, tujaze chembechembe maalumu. Zina vitundu vidogo vidogo. Mfupa wako mwenyewe utaota humo ndani mpaka pengo lizibe."

"Mnifungue?" fundi akasema. "Mimi begi?"

"Usipofunguliwa, mzee, cherehani hutaikanyaga tena."

Uso wa fundi ulionyesha wazi kwamba Jumatatu hataonekana. Profesa akafumbua jicho moja. Mtu anayeogopa kisu, tena mwenye duka ambalo Profesa alilijua, lililojaa vitambaa vya suti! Kuna riziki inayotafutwa kwa jasho, na kuna riziki inayosukumwa mbele yako kwenye magurudumu.

Jumamosi asubuhi alibisha hodi dukani kwa fundi, amevaa koti jeupe, kashika mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na chupa sita za unga mweupe na bandeji za kuongezea heshima. Unga ulikuwa jasi ya kutengenezea dari, aliyoinunua duka la vifaa vya ujenzi. Tumtendee haki Profesa: katika maisha yake yote ya utapeli hakuwahi kuuza kitu kisicho cheupe na kisafi.

"Huu ndio unga wa kuotesha mfupa," akasema. "Hukatwi, hushonwi. Kijiko kimoja kwenye maziwa, asubuhi na jioni. Unashuka wenyewe, unafika kwenye pengo, unaota."

"Utajuaje njia ya mguuni?" fundi akauliza. "Ukinipotelea begani je?"

"Unafuata maumivu, mzee wangu. Hebu ona." Akakoroga unga na maji kwenye kikombe, akamshikisha. "Unasikia joto? Dawa iko hai hiyo!"

Fundi alikishika kikombe kama mtu aliyepewa kifaranga. "Ina joto kweli! Na mimi walitaka kunipasua! Bei yake?"

"Kwako, suti tatu tu. Mtaalamu lazima avae."

Fundi alikuwa ameshatoa futi yake shingoni na kuanza kumpima mabega Profesa, aliyeinama mbele ya kiti cha magurudumu, mpwa wa fundi alipoingia na chupa ya chai. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono mipana na weupe kwenye kucha. Profesa akadhani ni mpishi wa mikate.

"Mwanangu, ile habari ya Jumatatu imekwisha," fundi akamwambia. "Dawa imenifuata dukani."

Mpwa akachovya kidole kwenye kikombe. Akakisugua. Akamtazama mjomba wake, ambaye yeye mpwa alikuwa akimwomba na kumlilia tangu siku ile akubali kupasuliwa, bila mafanikio. Kisha akamtazama Profesa, na kwa upole kabisa akasema, "Shikamoo, daktari. Na ukiipaka nje inafanya kazi?"

"Ndani, nje, popote!" Profesa akasema. "Mimi mwenyewe niliwahi kuvunjika muundi. Gusa hapa. Kama chuma!"

"Muundi wa mguu upi?"

Profesa akaiangalia miguu yake. "Yote miwili."

"Masikini! Basi Mjomba aone unavyotumia. Ataamini zaidi."

Mteja akitaka kuona, anaonyeshwa. Hiyo ndiyo heshima ya kazi. Mpwa akamkalisha Profesa kwenye kiti, akaleta beseni la maji, akamimina chupa zote sita, akachovya bandeji na kuanza kumzungushia miguu yote miwili, kuanzia kwenye kifundo hadi juu ya goti, juu ya suruali hiyo hiyo. Alizungusha haraka, bila kukunja hata mahali pamoja. Profesa alijisikia kama mfalme anayevishwa.

"Inapasha vizuri," akasema.

"Usitikisike, daktari. Unga usije ukapotea njia. Ulisomea wapi vile?"

Hapo alimpatia. Profesa alianza na chuo cha ng'ambo, akapita kwenye medali, akafika kwa rais aliyemtibu nyonga. Mpwa alikuwa anaitikia "Ehee!" na "Kumbe!" huku akilainisha bandeji kwa kiganja. Rais alipoanza kutembea bila fimbo, Profesa alitaka kusimama ili aonyeshe ile hatua ya kwanza.

Hakusimama. Miguu ilikuwa imenyooka mbele yake kama magogo mawili.

"Imeganda," akasema.

"Lazima igande," mpwa akasema, akanawa mikono. "Ni jasi. Mimi ndiye ninayefunga watu plasta kule hospitali, mwaka wa tisa sasa." Akamgeukia mjomba wake. "Ipo jasi iliyosafishwa ambayo madaktari hujazia mfupa, na inasaidia kweli. Hii ni ya dari, Mjomba. Gonga."

Fundi akagonga mguu wa Profesa kwa mkasi. Ko, ko, ko. Akashika tumbo lake mwenyewe, polepole.

"Na hiki," akauliza, "ndicho ningekunywa na maziwa?"

"Asubuhi na jioni," mpwa akasema.

Kisha fundi akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ita teksi. Nilale huko huko mpaka Jumatatu, kabla sijabadili mawazo."

"Na mimi je?" Profesa akalia. "Nikateni basi!"

"Msumeno wa plasta uko hospitali. Utatangulizwa kwenye teksi, maana wewe hukunjiki."

Katika ukumbi ule ule wa wodi ya mifupa waliwekwa ubavu kwa ubavu. Profesa alisubiri nyuma ya kila mtu aliyevunjika kikweli, na kila mhudumu aliyepita alimpa pole. Msumeno ulipofika, ndipo alipokumbuka suruali, ile ya pekee ya kutokea.

"Itakatwa pamoja na plasta," mpwa akasema.

Fundi, ambaye alikuwa anasukumwa kuelekea wodini, akashika mlango kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kwenye ile suruali.

"Kata kwa kufuata mshono, mwanangu," akasema. "Nikishapona mguu, nitaiunga mwenyewe."

Akaachia mlango.