Pweza wa Anaclet na Jiwe Langu

Jumapili, 5 Agosti 1956

Anaclet amerudi kutoka Lobito. Ni karani wa reli, walimtuma kule pwani kwa treni, na sasa mtaa wetu wote wa Katuba hauna habari nyingine. Leo baada ya misa tulikaa uani kwa Mama Brigitte tukinywa munkoyo. Nilikuwa nimevaa suruali mpya niliyojishonea kwa ajili ya leo. Hakuna aliyeitazama. Delphine, binti wa Mama Brigitte, alimtazama Anaclet tu.

Alikuwa anaeleza habari za mnyama wa bahari anayeitwa pweza. Mikono minane. Mfupa hata mmoja hana, anajipenyeza kwenye tundu dogo kama maji. Akiogopa anatema wino na kukimbia. Damu yake ya buluu, mioyo yake mitatu. Anaclet amemla, tena kwa vitunguu.

Aliposikia mioyo mitatu, Delphine aliweka mkono kifuani. Mimi namshonea mama yake bure tangu Pasaka, na mkono ule sijauona ukienda kifuani kwa ajili yangu.

Nikasema mbele ya wote kwamba ni uongo, na kwamba kesho nitamuuliza Mupe Godefroid, padri wetu, mtu aliyesoma. Anaclet akajibu kwa upole, "Ni muzuri, yaya Rigobert. Umuulize."

Upole wake ndio unaoniudhi.

Jumatatu, 6 Agosti

Nilikwenda kumpima Mupe kanzu mpya. Nilipokuwa nimepiga magoti chini yake na futi, nikamuuliza. Akasema ni kweli. Mioyo mitatu, damu ya buluu. Nikakosea kipimo cha kiuno.

Halafu akanionyesha jiwe lililo mezani kwake. Limejikunja kama konokono, kubwa kama kisahani cha chai, limemeguka kidogo ukingoni. Alisema lilikuwa ganda la mnyama wa ukoo wa pweza, aliyeishi zamani sana, kabla ya mtu yeyote. Bahari ikakauka, ganda likageuka jiwe. Limetoka kwao Ulaya.

Nikawaza. Anaclet amemwona pweza, lakini pweza mwenyewe hanaye. Ana maneno tu. Mimi nikiwa na babu wa pweza mkononi, nani atasikiliza maneno?

Mupe aliitwa nje. Jiwe sasa limo katika mfuko wangu wa vitambaa. Nimeliazima.

Jumatano, 8 Agosti

Ushindi. Nilimkuta Delphine bombani, nikamtolea jiwe. Nikamwambia ni babu wa pweza, na kwamba nililichimbua mwenyewe upande wa Kinsevere, nilipokwenda kumsaidia mjomba shambani. Akapitisha kidole kwenye mikunjo yote, polepole.

"Yaya Rigobert, weye njo ulivumbua hii?"

Nikasema ndiyo, mimi njo.

Jioni Anaclet naye alikuja kuliona. Alilitazama sana, akanipa hongera. Nilitafuta wivu usoni mwake, sikuupata. Anajua kuuficha.

Alhamisi, 9 Agosti

Shida. Delphine anapiga pasi nyumbani kwa Bwana Lambrecht, mzungu anayechunguza mawe ya migodi. Amemweleza habari za jiwe langu, kwa fahari. Bwana akaacha supu yake mezani na kusimama. Anataka nimwonyeshe mahali penyewe Jumamosi.

Delphine alinisimulia huku akicheka kwa furaha. Nikacheka naye.

Bwana hajui Kiswahili vizuri, kwa hiyo kunatakiwa mkalimani. Wamemchagua Anaclet.

Jumamosi, 11 Agosti

Tulikwenda Kinsevere kwa kamyo. Anaclet mbele, karibu na Bwana. Mimi nyuma na majembe, na Delphine aliyebeba chakula. Tulikaa bega kwa bega. Njia nzima aliniuliza Anaclet anasema nini kule mbele.

Nilionyesha mahali kando ya kichuguu, kwa sababu palikuwa na kivuli. Nikachimba. Udongo mwekundu. Nikachimba tena. Udongo mwekundu.

Bwana aliligeuza jiwe mkononi, akasema maneno mengi. Anaclet akatafsiri. Mawe ya huku ni ya zamani kuliko mnyama yeyote mwenye ganda, kwa hiyo jiwe hili haliwezi kuwa limetoka hapa. Tena Bwana ameliona lingine kama hili, limemeguka palepale, mezani kwa Mupe, siku alipompeleka mtoto wake kubatizwa.

Delphine akanitazama. Anaclet akashusha sauti.

"Yaya, nitamwambia kama kuna muntu alikuuzisha, akakudanganya. Weye sema ndiyo tu."

Angeniokoa. Mbele ya Delphine. Na Delphine angeweka tena mkono kifuani.

Nikasema kwa nguvu kwamba mimi sikudanganywa na mtu. Nimelichukua mwenyewe, kwa akili yangu mwenyewe, mezani kwa Mupe. Nilisema kwa Kifaransa changu kidogo cha shuleni, ili Anaclet asipate hata kazi ya kutafsiri.

Wakati wa kurudi Delphine alikaa mbele.

Jumapili, 12 Agosti

Nimerudisha jiwe. Mupe hakukasirika sana, kwa sababu Anaclet alikuwa ametangulia kuniombea msamaha. Nitaendelea kushona nguo za komunyo. Heri angenifukuza.

Kwa kitubio nitafyeka majani ya uwanja wa parokia. Nimeanza leo. Watoto wa katekismu wakipita wananiita Baba Pweza.

Jumatano, 15 Agosti, Sikukuu ya Bikira Maria

Baada ya misa Mama Brigitte aliniambia kwamba watu wa Anaclet wamekuja kumposa Delphine, na kwamba Delphine amekubali. Alinieleza kama vile mimi ni mjomba.

Jioni Anaclet mwenyewe alikuja kwangu. Anataka nimshonee suti ya harusi. Alisema Katuba haina fundi kama mimi, na Delphine amesema isishonwe na mwingine. Nikampima. Mabega mapana. Alisimama kwa upole wake uleule.

Nimepata njia. Mshono wa nyuma wa suruali nitaushona kwa uzi dhaifu, ule unaokatika kwa kuvutwa kidogo. Siku ya harusi atapiga magoti mbele ya altare, utapasuka, na Delphine ataona ni mtu wa namna gani amemchagua.

Safari hii nimefikiri vizuri. Anaclet hakushuku kitu. Nimemwomba tu awaambie wageni wote kwamba suti ni kazi yangu.