Spi ya Kushoto

Jumatatu, 12 Oktoba 1964, Stanleyville

Habari kutoka Banalia: mama ni mgonjwa sana, ananiita. Malori yote yamechukuliwa na wapiganaji. Imebaki pikipiki ya marehemu papa. Nimeiwasha. Moshi mweupe uwanja mzima! Jirani Zacharie akakohoa nyuma ya ukuta, akasema injini inakunywa mafuta ya gia, spi ya kulia imekufa. Spi ni ule mpira mdogo unaoziba pembeni mwa injini: wa kulia huzuia mafuta ya gia, wa kushoto huzuia hewa. Kwani yeye anajua nini? Hutengeneza velo, baiskeli za kukanyaga tu! Injini inanguruma yenyewe bila kuguswa, kwa hiyo inavuta hewa, kwa hiyo ni spi ya kushoto.

Zacharie akasema basi kesho alfajiri anipeleke kwa velo yake. Mimi, mtoto wa mwenye pikipiki, nibebwe nyuma kama mfuko wa mihogo? Kamwe!

Jumanne, 13 Oktoba

Mafuta ya gia yamekwisha tena. Nimeongeza kimya kimya. Zacharie hana haja ya kujua.

Nikaazima pampu yake, nikasema ni ya mpira wa watoto. Nikaziba ekzosi kwa kitambaa, nikajaza injini upepo, nikapaka maji ya sabuni upande wa kushoto. Penye tundu patatoa povu. Hakuna povu. Nikaongeza sabuni.

Ghafla wapiganaji mlangoni! Mkubwa wao akauliza ninainyunyizia nini. Kila mtu anajua wao wenyewe hunyunyiziwa maji ya dawa, na aliye na dawa haguswi, akiguswa dawa inaharibika. Akili ikanijia: nikasema iko na dawa, musiiguse. Akafurahi mno. Bon, akasema, alors risasi haitaiingia. Wakaondoka nayo.

Jumatano, 14 Oktoba

Wameirudisha wakiisukuma tangu daraja la Tshopo. Mkubwa aliuliza nani ameharibu dawa. Niliogopa. Nikaonyesha ukutani: Zacharie aliigusa.

Hawakumpiga, Mungu ashukuriwe. Walichukua velo yake. Zacharie akaniambia neno moja tu: ile velo alikuwa ameshaijaza upepo, akingoja tu nikubali anipeleke kwa mama. Nikaingia ndani nikalia.

Ijumaa, 16 Oktoba

Inna lillahi. Mama amezikwa jana. Dada yangu Nyota ametuma watu waniambie kwamba kila chombo kikipita barabarani mama aliuliza kama ni pikipiki ya papa. Naumia. Sijui niuweke wapi uchungu huu.

Zacharie amekuja matangani na kahawa. Alikaa mkekani hadi magharibi na hakuniuliza kitu. Hata pampu yake hakuiulizia.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimefungua injini. Spi ya kulia: imekauka, imepasuka, mafuta ya gia yamejaa ndani. Spi ya kushoto: laini, nzima, safi.

Nimefikiri sana. Ya kulia waliiharibu wale wapiganaji njiani. Iliyoanza ni ya kushoto, ila ni hodari wa kujificha.

Zacharie amepita jioni. Ameazima velo ya shemeji yake. Anasema arobaini ya mama atanifikisha Banalia, nikae nyuma tu, yeye atakanyaga.

Nyuma! Mbele ya watu wote wa Banalia, na mama ananiona!

Kesho nabadilisha ya kushoto.