Nywele Ndani ya Beseni

Leo nimedhalilika, na mtaa mzima ulikuwepo kushuhudia. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwingine, maana najua jirani yangu Mama Joji ameshaanza.

Mnajua nina lile tangi la samaki. Kwa msiojua: mhandisi mmoja niliyekuwa namfanyia kazi alihamia Dar, akaniachia tangi la kioo la futi tano, la maji ya chumvi. Ndani mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kaa mmoja mdogo anayeishi ndani ya gamba la konokono. Samaki wa baharini, hapa Singida! (Ndiyo. Na hawaliwi. Mama yangu kule Shelui mpaka leo haelewi.)

Chumvi ya kutengenezea maji yao inatoka Dar kwa basi. Mwezi uliopita iliniishia, nikajiona nina akili kuliko watu wote. Kwani Ziwa Singidani si lina chumvi? Lipo hapo chini, bure. Nikachota madumu mawili, nikamimina.

Hazikupita wiki mbili, mawe ya ndani ya tangi yakaanza kuota nywele.

Sitanii. Ni mwani, lakini ukiuona utasema nywele. Ndefu, laini, za kijani kinachokaribia weusi, zinapepea polepole kama kuna mwanamke amelala chali huko chini na amefumua. Nikizing'oa leo, keshokutwa zimerudi, na zimeongezeka. Nikizima taa, yule kaa anaanza kugonga kioo kwa gamba lake. Ko. Ko. Ko. Nami naishi peke yangu, nyuma ya lile jiwe kubwa, na upepo wetu mnaujua unavyolia kwenye nyufa za mawe. Jamani, nilifika mahali naogopa samaki wangu mwenyewe!

Sasa ubaya ni kwamba kesho Jumamosi nilikuwa na ugeni. Mchumba wangu Anjela baba yake alishafariki, na mwenye neno kwenye ukoo ni shangazi yake wa Mungaa, shangazi Fausta. Akisema ndiyo, napeleka posa. Akisema hapana, narudi zangu Shelui, kwenye maegesho ya malori, nikaoe lori. Anjela alinionya mapema: "Shangazi haangalii mshahara, Ima. Anaangalia nyumba. Anasema nyumba ya mtu haijui kudanganya."

Nyumba yangu ilikuwa na nywele.

Basi leo asubuhi nikaamka na mswaki wa zamani. Ukiuzungusha kwenye ule mwani, unajisokota wote, unavuta. Nimevuta hadi mikono ikawa ya kijani. Nikajaza beseni jeupe, nikaliweka bafuni nikisema nitamwaga baadaye. (Baadaye. Hilo neno liandikwe kwenye kaburi langu.)

Kisha ikaja dawa yenyewe, ambayo ni giza. Unafunika tangi siku tatu, mwanga usipenye hata kidogo, mwani unakufa, samaki hawadhuriki. Nikajiambia bora shangazi aone kitambaa kuliko aone nywele. Nikafunga mapazia yote. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha mshumaa, nikaweka ile pampu ya hewa ya betri, nikafunika tangi kwa kitambaa kizito cheusi kutoka juu hadi sakafuni. Upepo ukawa unakivuta. Nikatafuta vitu vya kukikandamiza. Nikashusha ukutani picha yangu ya mahafali, ile yenye fremu nzito, nikaisimamisha juu. Bado. Nikaongeza chombo cha maua ya plastiki niliyonunua kwa ajili ya shangazi. Nikazima mshumaa, nikauacha hapo hapo kwenye kisosi, pembeni ya picha.

Mmeshaona kilichotokea? Mimi sikuona. Mimi niliona pamependeza.

Nikatoka mbio kwenda stendi kupokea chumvi yangu, kifurushi cha kilo nne. Mlango nikaurudishia tu. Njiani ndipo nikakumbuka simu: nilikuwa namulika chini ya kitambaa, nikaisahau juu ya kifuniko cha tangi. Nikasema haidhuru, nusu saa tu. Basi likachelewa kwa saa tatu.

Nimerudi saa tisa na bodaboda. Upepo wa leo haukuwa wa kawaida, vumbi jeupe limeinuka hadi barabara haionekani. Kofia nimeivuta hadi kwenye nyusi, barakoa usoni, nguo zote zimekuwa rangi ya unga. Bodaboda akanishusha kwenye jiwe kubwa. Akaangalia mbele, akasema, "Pole, kaka." Akageuza haraka bila hata kunirudishia chenji.

Upepo ukatulia kidogo. Ndipo nikasikia kilio.

Sauti za wanawake, nyingi, zinatoka uani kwetu. Nikasimama. Ua wetu una wapangaji watatu: mimi, Mama Joji, na Babu Njiku, mzee anayekohoa tangu mwezi wa sita. Nikasema, basi, Babu Njiku ametutoka, na juzi tu nilikataa kumsaidia kupaka chokaa chumba chake. Machozi yakanilenga kweli.

Nikaingia kimya kimya. Mabenchi yameshapangwa, wanaume wamekaa, moto umewashwa, wanawake wanachambua maharage. Watu wengi siwafahamu, wametoka mtaa wa juu. Nanyi mliolelewa mnajua, msibani huingii ukauliza nani amekufa. Unakaa, unainamisha kichwa, utajua tu. Mama mmoja akaniona na kifurushi changu, akanyoosha mkono.

"Umeleta nini, mwanangu?"

"Chumvi, mama, lakini hii ni ya..."

"Mungu akubariki! Tulikuwa hatuna kabisa." Akakichukua. Nikamwona anachota kiganja kizima, anamimina kwenye sufuria ya maharage. Chumvi ya samaki wangu! Utamnyang'anya mtu chumvi msibani?

Nikakaa benchi la mwisho. Baba mmoja pembeni yangu akanisogelea, akaanza kunong'ona.

"Kifo cha ajabu hiki."

"Kwa nini, mzee?"

"Mwili hakuna aliyeuleta. Yule mama mgeni amefika na lifti ya watu wa alizeti, akapiga hodi, kimya. Akasukuma mlango. Giza. Akakuta sanduku limeshafunikwa, maua juu, mshumaa juu, na nyumba nzima hakuna mtu."

Masikini Babu Njiku, nani amemfanyia hivi?

"Akapiga simu ya marehemu ili ajue yupo wapi. Ikalia." Akainamia sikio langu. "Ikalia ndani ya sanduku. Mwanga wa bluu ukawa unawaka chini ya kitambaa."

"Usiniambie!"

"Nakwambia. Na bafuni kuna beseni la nywele zake. Wamemnyoa kabla ya kumlaza. Za kijani, kijana! Hiyo ni sumu hiyo. Halafu ukikaa mle ndani kimya, unasikia anakoroma. Na mara moja moja anagonga."

Nilitamani kuondoka. Wallahi nilitamani nilale nyumba ya wageni mwezi mzima. Nikamuuliza, "Sasa mbona hawafunui?"

"Afunue nani? Wanangoja ndugu zake."

Wakati huo huo akapita mzee mbele yangu, amebeba viti viwili vya plastiki, anakohoa. Akaviweka chini. Akapangusa pua.

Alikuwa Babu Njiku.

Nilimwangalia hadi akakata kona. Nikamuuliza yule baba, "Mzee, kwani... marehemu ni nani?"

"Huyu kijana wa samaki. Ima wa Shelui. Mimi sikumfahamu, lakini wanasema alikuwa mtaratibu, ila alikuwa anaongea na maji."

Nikajishika kifua. Nawaambia ukweli, kwa sekunde chache sikuwa na uhakika. Tangu nifike hakuna aliyenisalimia kwa jina. Hakuna aliyenitazama machoni. Bodaboda alinikimbia. Nikaanza kujiuliza kama ile bodaboda ilifika salama kweli.

Nikajibana paja. Likauma. Nikasimama, nikapaza sauti:

"Jamani! Marehemu ni mimi!"

Mnajua walifanya nini? Walitabasamu. Huku kwetu mtani akija msibani ana ruhusa ya vituko vyote, anamwiga marehemu, anasema ndiye yeye na bado hajala. Nami nilikuwa mweupe pe kwa vumbi, kofia machoni.

"Watani wameshafika," mmoja akasema.

"Mapema hivi? Mpeni chai kwanza, asije akalala juu ya jeneza."

"Mimi ni Ima! Naishi hapa!"

"Anaigiza vizuri huyu," yule baba wa benchi akawaambia wenzake. "Hata sauti ya uoga ameiweka."

Ndipo nikasikia sauti moja ikipanda juu ya vilio vyote, kutoka sebuleni kwangu.

"Mkwe wangu weee! Mkwe mwema! Hata chai hujanipa! Nitamwambia nini mtoto wangu Anjela? Nitampata wapi tena mkwe kama huyu?"

Shangazi Fausta. Amekuja siku moja kabla.

Nikaenda mlangoni. Mle ndani giza, mapazia yamefungwa kama nilivyoyaacha. Wanawake wamejaa kwenye mikeka, wamejitanda kanga. Mshumaa wangu wameuwasha, unaiangaza picha yangu ninayocheka na joho. Kitambaa cheusi kinainuka na kushuka kidogo, upepo wa pampu, na chini yake inasikika ile grrr, grrr. Mama mnene wa makamo ameegemeza paji la uso kwenye tangi, analia machozi halisi. Wakatua kidogo kuvuta pumzi. Na katika ule ukimya nikasikia kwa masikio yangu.

Ko. Ko. Ko.

Nikavua kofia na barakoa. Upepo ukaingia na mimi, ukazima mshumaa. Shangazi akainua kichwa. Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaitazama tena picha.

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Lakini mimi nimelelewa, na mbele yangu alikuwa mkwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu. Adabu iliitangulia akili.

Halafu wote wakapiga ukelele kwa pamoja. Mama Joji alipita dirishani. (Dirisha lina nondo. Sijui alipitaje na hatutaki kujua.) Mama mmoja akanirushia kandambili, akaniamuru nirudi nilikotoka. Shangazi peke yake hakukimbia, miguu ilikuwa imemkatalia. Nami nikaona njia ni moja tu: nikashika kitambaa, nikavuta. Picha ikaanguka, maua yakaanguka. Samaki wangu wawili wakatutazama.

Shangazi akasogeza uso hadi kwenye kioo.

"Samaki," shangazi akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na zile nywele bafuni?"

"Ni mwani, shangazi. Zinaota kwenye mawe. Nilikuwa nazing'oa ili usizione."

"Nimeziona."

"Ndiyo, shangazi."

"Na aliyekuwa anagonga?"

"Kaa, shangazi. Mdogo tu."

Akakaa chini, akajipangusa uso kwa kanga, kisha akaanza kunisema. Alinisema kwa Kiswahili, kikamwishia, akahamia Kinyaturu. Nje watu wamejazana mlangoni, wengine wameshakula yale maharage na wanatema, wanasema ni machungu kama dawa. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa kama mtoto wa darasa la pili, nikijua Anjela ndiyo basi tena.

Babu Njiku akakohoa mlangoni. "Mama, samahani. Umemwita mkwe mwema mbele ya mtaa mzima. Umemlilia. Sasa unamkataaje?"

Shangazi akamtazama kwa hasira. Akanitazama. Akavuta pumzi.

"Nilikuja leo makusudi," akasema. "Nikukute hujajiandaa, nipate sababu ya kukukataa. Sasa machozi yangu yote nimeshayamaliza kwako. Leta posa. Ila hilo sanduku likanyage Mungaa, tutazika kweli."

Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakiwa bado na machozi ya msiba. Anjela alikuwa zamu kazini, simu imezimwa, akazikuta meseji mbili kwa pamoja: "Ima hatunaye" na "Ima yupo". Amenipigia. Hajaongea, amelia tu, halafu amekata. Kesho nitaenda kumwomba radhi.

Shangazi ameondoka jioni hii na watu wake wa alizeti. Watu wametawanyika na mabenchi yao. Nikaenda bafuni kumwaga lile beseni, kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Nikainua nywele, na katikati yake, amenasa, mzima, ananitazama, nikamkuta kaa wangu. Nilimvuta na mwani asubuhi bila kujua. Amekuwa bafuni mchana kutwa.

Kaa ninaye mmoja tu.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha Babu Njiku na kaa wangu ndani ya kikombe. Chekeni mnavyotaka, ila shangazi asijue. Ameshakubali.