Siku Nane za Kumtetea Nuala

Jumamosi, 7 Oktoba

Hukumu imesomwa leo saa mbili asubuhi, jikoni, mbele ya karatasi tupu ya siagi.

Nuala hakuiba kwa fujo. Mbwa wa mbio harukii meza. Ana miguu mirefu, anasimama tu na kichwa kinaikuta meza yenyewe. Alilamba bila haraka huku akinitazama kama mgeni aliyekaribishwa chai.

Mama amesema hivi. Tumeishi na Nuala majuma matatu. Jumamosi ijayo Misa ya Zamu, ile inayosaliwa nyumba kwa nyumba, iko kwetu. Zamu hii hufika nyumbani kwetu mara moja kila miaka tisa, na kijiji kizima cha Kilbrack kitakuwa sebuleni pamoja na Padri Mulvihill. Kama kufikia siku hiyo Nuala bado anaiba chakula, bado analia akiachwa peke yake, na bado kinywa chake kinanuka kama mtaro, basi Jumatatu anarudishwa kwenye makao ya mbwa waliostaafu mbio. Hakuna rufaa.

Nimesema sawa. Mimi husema sawa. Shuleni tunafundishwa kwa Kiayalandi, nyumbani tunaongea Kiingereza, kwa hiyo naweza kunyamaza kwa lugha mbili. Nuala ndiye kiumbe wa kwanza kukaa nami bila kungoja niseme kitu. Hilo sikumwambia Mama. Naliandika hapa.

Bibi Noreen alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi mlango. Akasema enzi za baba yake mbwa wa mbio alilala kwenye nyasi kavu, na kochi lilikuwa la Wakristo.

Lakini moyoni nachemka kwa furaha. Siku nane, mashtaka matatu! Mwanasheria gani angelalamika?

Jumapili, 8 Oktoba

Shtaka la kulia. Mpango wangu ulikuwa safi.

Nuala hulia kwa sababu hajawahi kukaa peke yake. Bandani alizaliwa kati ya mbwa arobaini. Anachotaka ni sauti. Kwa hiyo kabla ya kwenda kanisani nilijifungia chumbani nikarekodi sauti yangu kwenye simu ya zamani, saa nzima, nikisoma kitabu cha historia. Kitabu kikaisha katika dakika ya ishirini. Nikaendelea na lolote lililokuja.

Tuliporudi, jirani Bi. Tuohy alituambia hakusikia hata mlio. Nuala alikuwa chali kochini, miguu minne hewani. Ushindi kamili!

Tatizo ni kwamba msikilizaji hakuwa mmoja. Bibi aliacha dirisha wazi rangi ikauke. Na binamu yangu Cathal, ambaye husali Misa ya Jumamosi jioni, alikuja kurudisha brashi. Alikaa chini ya dirisha dakika arobaini. Sasa anajua kwamba kila Jumatano najifanya koo linauma ili nisiimbe kwaya. Anajua sijawahi kupiga mpira kwa makusudi. Anajua habari za Gráinne wa duka la chipsi, na kwamba kwa mwaka mzima nimemwambia neno moja, nalo ni "chumvi".

Jumatatu, 9 Oktoba

Cathal langoni kwao, mikono mfukoni. Ameniuliza koo linaendeleaje. Halafu akauliza kama chakula changu kina chumvi ya kutosha.

Yeye ana Shep, mbwa wa kondoo, anayekaa akiambiwa kaa na kutoa mguu akiambiwa salamu. Nuala hakai. Mapaja yake yamejaa misuli. Kukaa kunamuumiza kama mzee anayeketi kwenye kigoda. Tena sheria inamlazimu avae kifunga mdomo barabarani, kwa hiyo Shep anaonekana mwanafunzi bora na Nuala anaonekana mfungwa.

Basi nikataka tu kupita kwa heshima. Tulipofika darajani, hatua chache kutoka lango lao, Nuala akaganda. Hakuvuta, hakubweka. Alisimama kama sanamu katikati ya barabara, na nyuma yetu gari la maziwa. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Kijana, amekuishia mafuta?" Cathal akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikagusa masikio ya Nuala. Barafu! Kumbe ni baridi tu. Ngozi yake ni nyembamba kama karatasi, mafuta mwilini hana. Nikambeba pembeni nikamfunga kwenye nguzo ya daraja, nikakimbia nyumbani nikachukua sweta ya kwanza niliyoiona, nikamvisha, akatembea kama malkia.

Ilikuwa sweta mpya ya Bibi, ya Misa. Nimeikunja vizuri nikairudisha. Manyoya hayaonekani sana kwenye upande wa ndani.

Jumanne, 10 Oktoba

Shtaka la wizi. Nimejaza haradali kali ndani ya mkate wa nyama, safu nene kama kidole, nikauweka ukingoni mwa meza, nikajificha nyuma ya mlango. Mwizi aumie mara moja, aache maisha yake yote.

Bibi akaingia akiwa amechoka na rangi. Akauona mkate. Akashukuru kwa sauti kwamba angalau mtu mmoja katika nyumba hii anamfikiria.

Ningeweza kusema kitu. Hapo ndipo mimi na maneno huachana.

Hakupiga kelele. Alitafuna mara mbili, akasimama wima, akachukua chombo cha maua akanywa maji yote. Kisha akanitazama moja kwa moja kwenye ufa wa mlango. "We mtoto," akasema, "kama unataka nife kabla ya Misa, ungengoja nimalize dari."

Kipande kilichobaki Nuala amekila na haradali yake. Amelamba midomo. Saa nzima baadaye sebule haikukalika kwa ushuzi, na Mama akafungua madirisha yote akidhani ni rangi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jana shtaka la kinywa. Bi. Geraghty, daktari wa mifugo, amefunua mdomo wa Nuala akapiga mluzi. Meno ya mbwa wa mbio huharibika sana, amesema. Bandani wamelishwa uji miaka yote. Yanahitaji kukwanguliwa akiwa amelazwa kwa dawa, kwa uangalifu, maana mbwa mwembamba hivi hapewi dawa ya usingizi kama mbwa wengine. Nafasi ipo baada ya wiki mbili. Nikamwambia Misa ni Jumamosi. Akasema anajua, na yeye amealikwa, na hakuna mtu atakayembusu Nuala mdomoni kabla ya komunyo.

Ametupatia dawa ya meno yenye ladha ya ini. Mswaki asubuhi na jioni.

Leo asubuhi nilikuwa na haraka, na mirija miwili ya dawa ya meno, yangu na yake, ilikuwa kwenye kikombe kimoja. Nimekwenda shule na kinywa cha ini. Mbwa wawili wamenisindikiza mpaka getini. Darasani nimekaa peke yangu, lakini hilo halikuhitaji ini.

Hata hivyo, Nuala ameanza kunuka mnanaa. Maendeleo!

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimeogopa leo kuliko siku zote. Nuala alikuwa amelala macho wazi, kama walalavyo mbwa hawa. Bibi akadhani yuko macho, akainama amsogeze apate kupiga deki. Nuala akashtuka, akanguruma, meno yakagongana hewani, upana wa kidole kutoka kwenye mkono wa Bibi. Kisha akaamka kweli, akaona alichofanya, akajibana nyuma ya kochi anatetemeka.

Nikaanza kutunga. Nikasema alikuwa anaota. Nikasema ni kikohozi. Nikasema ilikuwa mimi.

Bibi akajishika kifua kidogo, akapumua. "Nyamaza, mwanangu. Babu yako aliamka hivyo hivyo miaka thelathini na nane, na mimi sikumrudisha kwao." Akasema tangu leo ataita jina kwanza, kisha atasogeza. Mama asiambiwe.

Nina wakili!

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika yote. Kwa mpangilio.

Saa tatu na nusu. Paja la nguruwe la kuchemsha liko mezani jikoni, limechomekwa karafuu, kubwa kama mto wa kulalia. Mpango: Nuala ni kilo ishirini na nane, hajui kushuka ngazi, bandani hazikuwepo. Nikambeba mpaka chumbani kwangu juu. Simu ikisoma historia, historia tu. Jela isiyohitaji kufuli.

Saa nne. Watu arobaini sebuleni kwenye viti vya kuazima. Cathal na mama yake wamekuja, Shep wamemfunga langoni. Mimi nimepewa na Bibi kazi ya kusoma maombi ya waamini. Manne, kwenye kadi. Nimesimama karibu na mlango, na kupitia ukumbini naiona meza ya jikoni. Ni mimi peke yangu ninayeiona.

Ombi la kwanza, la Baba Mtakatifu. "Ee Bwana." Watu: "Twakuomba utusikie." Nikasikia kucha kwenye ngazi. Tk. Tk.

Ombi la pili. Pua ikatokea ukumbini. Ameshuka! Peke yake, ngazi kumi na tatu! Nakiri nilitaka kupiga makofi.

Ombi la tatu, akafika mezani. La nne, akalivuta paja likatua sakafuni, na mfupa ukaanza kulia kwenye meno.

Kadi imeisha. Nikinyamaza, watu arobaini watasikia. Siwezi kutoka, magoti ya watu yamejaa njia. Kwa hiyo nikaongeza sauti. Nikawaombea madereva wa maziwa. "Ee Bwana." "Twakuomba utusikie." Nikawaombea wenye meno mabovu. Wanaohisi baridi. Wanaolia wakiachwa peke yao. Wanaopaka dari katika uzee. Wanaoogopa ngazi, na wale waliozishinda leo kwa mara ya kwanza. Nikawaombea wanaouza chipsi. Cathal akakohoa. Padri akanitazama juu ya miwani, lakini naye akaitikia. Maombi kumi na saba, kwa lugha zote mbili! Bi. Tuohy alikuwa analia.

Wakati wa kutakiana amani nikapeana mikono kuelekea mlangoni, mkono baada ya mkono, mpaka nikatoka. Mfupa ulikuwa umebaki. Nikampelekea Shep langoni. Alikaa kwanza kwa adabu, ndipo akaupokea. Nuala nikamtoa uani nyuma.

Baada ya Misa, Mama akakuta sahani ina karafuu saba. Wakatafuta. Shep akakutwa. Mama yake Cathal akamwambia mwanawe mbele ya watu kwamba mbwa wa kukaa na kusalimu ni huyu, hongera. Cathal akawa mwekundu mpaka shingoni. Nilifurahi dakika nne. Nazikumbuka zote.

Kisha nikatoka uani. Nuala amesimama mgongo umepinda, tumbo limevimba kama ngoma, mate yanadondoka. Anajaribu kutapika, hakitoki kitu.

Watu wa makao yale walitupatia karatasi pamoja na Nuala, na ukurasa mmoja ni wa herufi nyekundu: mbwa wa kifua kirefu akishiba kupita kiasi, tumbo linaweza kujipinda, na saa chache zinatosha kumuua. Bi. Geraghty alikuwa sebuleni na kikombe cha chai. Lakini angeniuliza amekula nini.

Nikisema, nampoteza Jumatatu. Nisiposema, nampoteza leo.

Nikaingia sebuleni nikapaza sauti. Kwa Kiayalandi kwanza, sijui kwa nini, kisha kwa Kiingereza. Kwamba ni Nuala. Kwamba kala paja zima. Kwamba mfupa nilimpa Shep mimi, Shep hana kosa, na tafadhali, Bi. Geraghty, anakufa.



Bi. Geraghty akaweka kikombe, akapiga magoti uani na sketi yake ya Misa. Akabonyeza tumbo, akaligonga, akatega sikio, akamtazama ufizi. Watu wote wamejaa mlangoni. Nuala akajikunja, akatoa sauti kama mlango wa zizi, na nguruwe wa Misa akarudi duniani, na karafuu zake, hatua moja kutoka viatu vya Padri.

"Basi," akasema Bi. Geraghty. "Halijapinda. Ni ulafi tu. Angeanza kukimbia huku na huku, leo tungekuwa na mazishi. Apumzike. Maji kidogo kidogo, na mumwangalie mpaka kesho."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye matope nimekumbatia shingo yake. Nadhani nililia. Waliona.

Bibi akasema, kana kwamba anaongea na ukuta, kwamba mbwa amekula na amerudisha. Wangapi hapa wamewahi kurudisha walichochukua? Mama yake Cathal akatazama pembeni.

Ndipo Mama akanisogelea. Akasema miaka kumi na mitano amengoja niseme kitu mbele ya watu, na leo nimesema mara mbili kabla ya saa sita. Nuala anabaki. Kwa sharti moja: kuanzia leo hakuna hila. Kila kitu wazi. Nikasema sawa. Akanifanya niseme kwa maneno mengine. Nikasema naahidi, mkono juu ya kitabu cha Misa.

Tumekula mayai. Cathal amepita karibu na sahani yake akasema koo limepona kweli, akaniachia soseji moja. Haikuwa na haradali. Nilikagua.

Jumapili, 15 Oktoba

Nuala mzima! Amekunywa, amekojoa, amelala kochini chali. Nimeamka mtu mpya. Sina siri. Raha iliyoje kuishi wazi!

Nimezisoma tena zile karatasi, safari hii zote. Ukurasa wa tano unasema mbwa wa mbio anayelia akiachwa hutulia kabisa akipata mwenzake. Kule makao kuna mmoja anaitwa Malachy. Nimeona picha. Rangi ya kahawia, milia myeusi, kidoa cheupe kifuani. Kama Nuala kabisa!

Ahadi yangu kwa Mama ilikuwa kuhusu hila. Kimya si hila. Kimya ni tabia yangu, ananijua.

Malachy alale kwenye banda letu la nyasi, Nuala kochini, wapokezane mchana Mama akiwa nyumbani, wakae pamoja akitoka. Kamwe wasiingie jikoni pamoja. Bibi ananipeleka makao kwa gari saa tisa. Amesema hajui tunakwenda wapi wala hataki kuambiwa, na ameweka kamba ya pili kwenye gari.

Mama hatagundua. Kwa macho yake atakuwa mbwa yule yule, ila mwenye njaa zaidi.