Injini Yenye Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe ametuita karakanani kwake, mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Mikono ya mzee imeanza kutetemeka, anataka kupumzika. Karakana atamwachia mkwe mmoja. Mtihani wetu ni injini yake ya pampu ya maji, kongwe kuliko mke wangu. Inawaka vizuri, lakini ikishapata moto, na haichukui hata dakika, inakohoa na kuishiwa nguvu. Atakayemtajia ugonjwa wa injini kufikia Jumamosi, ufunguo wa karakana ni wake.

Ufunguo huo nautaka mno. Miaka tisa sasa ninasifiwa ukweni kwa salamu zangu tu.

Mwanyumba tunamwita Kitambaa, kwa sababu ya kitambaa kisafi kisichobanduka begani mwake. Fundi gani huyo asiyechafuka? Leo ameweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho kayafumba. Daktari mzima! Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nimekosa raha jioni yote.

Jumanne, 4 Machi

Kitambaa ameifungua injini, akaikagua, akaifunga. Anasema ndani hakuna kasoro. Ataionaje, na injini imezimwa na imepoa? Mgonjwa akilala hakohoi.

Wazo limenijia nikiwa bafuni. Tutazame ndani ikiwa inawaka! Injini hii ni ya kizamani: valvu zimekaa ubavuni mwa silinda, na hedi ya juu ni mfuniko wa chuma uliobanwa kwa boliti, basi. Toa chuma, weka kioo, moto wote uwe hadharani. Nimetoka na sabuni masikioni.

Jumatano, 5 Machi

Nimechukua mfuniko wa kioo wa sufuria ya mke wangu. Ule mzuri. Una tundu tayari katikati, la kishikio, nililotaka kulipanua kidogo tu plagi ya kuwashia moto ipite. Drili ilipogusa, kufumba na kufumbua mfuniko wote ukawa punje. Nimefagia hadi adhuhuri.

Mke wangu akauliza mfuniko wake uko wapi. Nikamwambia uko kwenye utafiti. Akasema vizuri, basi na chakula changu kiko huko huko.

Alhamisi, 6 Machi

Mchora mabango amenipa kipande cha plastiki ngumu, kinene kama kidole gumba, unaona hadi upande wa pili. Ameonya kwamba plastiki na moto havipatani, itavumilia dakika moja, ikizidi sana. Nikamjibu kuwa dakika inamtosha mtu mwenye macho. Nimetoboa taratibu tundu la plagi na matundu ya boliti, nikaweka gasketi ya kuziba mwanya, nikakaza. Imekaa kama imezaliwa nayo.

Kitambaa akapita, akainama, akaniuliza kwa upole samaki nitawaweka lini. Nimecheka naye, lakini moyoni sikucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio la faragha, saa saba mchana, wenzangu wakiwa wanakula. Nimevuta kamba mara sita. Ya saba ikawaka.

Nimeuona! Pistoni inapanda, plagi inatoa cheche, moto unatanda kutoka hapo kwenye plagi hadi ukingoni, njano katikati, bluu pembeni, unafifia, unarudi. Miaka yote hiyo ulikuwa unachezea humo gizani, na hakuna aliyealika mtu kuutazama. Machozi yamenitoka, na moshi haukuwepo. Baada ya sekunde kumi na moja nikazima, kuitunza plastiki kwa ajili ya kesho.

Ugonjwa? Nilisahau kuangalia. Haidhuru, simu ilikuwa inarekodi. Nyumbani nikamwita mke wangu aje atazame ushindi. Tukaona sekunde kumi na moja za uso wangu, mdomo wazi. Nilikuwa nimefungua kamera ya upande wangu. Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akanipakulia chakula, cha kwanza tangu Jumatano.

Jumamosi, 8 Machi

Wote walikuwepo. Mama mkwe alitupanga nyuma ya meza ya kazi na kutugawia miwani ya kazi, kama aliyejua anashughulika na nani. Nikavuta kamba. Moto ukacheza dirishani, hata Kitambaa akasogea.

Nikawageukia wakwe, injini ikiwa nyuma yangu, nikaanza hotuba niliyoiandaa. Injini ikaanza kukohoa. Nikapandisha sauti. Nilikuwa nimefika kwenye shukrani plastiki ilipoingia ukungu, ikalia kra, injini ikazimika.

Baba mkwe akauliza, haya, ugonjwa ni nini? Kitambaa akaitazama bisibisi yake. Mimi nikamtazama Kitambaa.

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta na upindo wa nguo. Akasema ni valvu ya kutolea moshi, ile ya kushoto. Injini ikiwa baridi inashuka na kufunga sawasawa. Ikipata moto inabaki juu, imekwama, na nguvu zote zinapita hapo. Mzee akaondoa mabaki ya plastiki, akaigusa valvu kwa koleo. Kweli ilikuwa imekwama.

Akatoa ufunguo mfukoni. Akanipita, nami mkono nilikuwa nimeshaunyoosha. Akampita Kitambaa. Akauweka kiganjani mwa mama mkwe, akisema miaka thelathini mkewe amemshikia tochi humu, kumbe muda wote alikuwa anatazama. Mama mkwe akasema alikuwa anatazama, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mzee alimshika mkono, na mikono yake haikutetemeka sana.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amepanga kazi. Kuanzia kesho Kitambaa atengeneze, mimi nifagie, na hedi yoyote nisiiguse. Nimeitikia kwa adabu zote.

Nimekaa nikatafakari wiki hii kwa dhati. Mtu mzima lazima akubali makosa yake. Nimelijua langu: dirisha lilikuwa dogo.

Nilipoingia kwa mama mkwe kunywa maji nikaona kabati la vyombo lina mlango wa kioo. Nimeupima kwa kiganja. Unatosha.