Ziwa Kitandani mwa Nyanya

Nimeaibika leo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya Gredi ya Nane nzima, afisa wa elimu, na bibi kizee mmoja aliyeshika ndara zake mkononi. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Hapa Karungu habari haingoji mtu anunue bando.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye Ochieng wa Oyugis, yule mliyekuwa mkimwita Malenga chuoni kwa sababu hakuweza kuagiza chai bila vina. Muhula uliopita nilihamishiwa huku kufundisha Kiswahili. Nimepanga chumba juu, kando ya barabara, na kila asubuhi naliona ziwa kwa mbali. Picha zangu za ziwa mnazipenda. Ile ya Jumapili mlinimwagia mioyo myekundu hadi nikajiona mtu. Kwenda ufuoni kwenyewe sikuwa nimewahi. (Nina viatu vya ngozi.)

Basi leo afisa wa elimu alikuwa anatoka Migori kuja kunitazama nikifundisha. Somo: tamathali za usemi katika shairi. Hapo ndipo nyumbani kwangu. Wanafunzi wangu nimewapa kaulimbiu ambayo huwa tunaanza nayo kila kipindi. Mimi nasema, "Katika shairi," wao wanaitikia, "kitu si kitu!" Maana yake ni kwamba ukikuta mwiba katika shairi, usiniambie ni mwiba. Nitafutie dhuluma. Nitafutie usaliti. Mwanafunzi anayeniambia mwiba ni mwiba hapati alama kwangu.

Nilitaka kumpiga afisa butwaa, kwa hiyo sikuchukua shairi la kitabuni. Nilichukua la mwanafunzi wangu, Akinyi. Wiki mbili zilizopita niliwaambia waandike shairi huru kuhusu jambo wanaloshindwa kusema kwa mdomo. Wengine waliandika kuhusu usafi. Akinyi aliandika kitu kilichonifanya nisimame katikati ya chumba cha walimu na kukisoma kwa sauti, watu wakiwa wanakula githeri. Nilimpa kumi na nne kwa kumi na tano. Moja nilimkata kwa unadhifu, maana daftari lilikuwa limevimba, kurasa zimeshikana, wino umetembea. Nikaandika chini kwa kalamu nyekundu: "Jazanda ya hali ya juu! Lakini tunza daftari lako."

Sasa, Akinyi huyohuyo ndiye niliyekuwa nagombana naye kwa kuchelewa. Kila siku anafika wenzake wakiwa kipindi cha pili, viatu vikilia kwacha kwacha. Juzi nilimtoa nje avianike kwa sababu vilikuwa vinanuka. Jana nikamwambia asikanyage shule bila mzazi. (Ndiyo. Viatu, daftari, kuchelewa, shairi. Vyote mezani kwangu, na mimi ndiye mtaalamu wa kufasiri.)

Asubuhi akafika na nyanya yake, mama mwembamba, leso imefungwa juu ya magoti, miguu ina tope hadi karibu na magoti. Akinyi hana wazazi. Huyu ndiye mzazi. Nilimkuta mlangoni nikiwa nimebeba karatasi yangu ya manila.

"Wewe ndiye japuonj, mwalimu wa Akinyi?"

"Ndiyo mimi, dani," nikajibu, nikimwita nyanya kwa Dholuo. "Huyu mtoto anachelewa sana."

"Najua anachelewa. Hata leo amechelewa na tumekuja na yeye." Akanitazama usoni. "Kama mnamfukuza, niambie tu. Shangazi yake ako na hoteli huko Isebania, anataka msichana wa kuosha vyombo. Amenipatia mpaka Ijumaa. Mtoto hataki kuenda. Analia. Anataka shule."

"Hakuna anayemfukuza, dani. Tutaongea baada ya somo."

"Na ile maneno ingine?"

"Maneno gani?"

"Ile alikuandikia. Alisema ulisoma ukasema ni mzuri."

"Aa, hiyo ndiyo utaisikia leo," nikamwambia. "Ni nzuri mno. Ingia ndani ujionee."

Uso wa yule mama ukafunguka. Akaingia, akakaa kwenye benchi la nyuma, pembeni mwa afisa. Nilifurahi kwa moyo wote. Nilijua akishaona kipaji cha mjukuu wake, hayo mambo ya kuosha vyombo Isebania yatakufa yenyewe.

Kipindi kikaanza. Nikabandika manila ubaoni. Shairi lenyewe hili hapa, kama alivyoliandika:

Ziwa limeingia kitandani mwa nyanya,
nyanya amehamia kwa jirani.
Kuku wetu anaishi juu ya kabati,
anatuangalia tukipita na ndoo.
Njia ya shule haipo,
tunazungukia mlimani.
Vitabu vyangu vinaning'inia darini
kama popo.
Mwalimu, naomba kona moja
isiyo na maji.

"Katika shairi," nikasema.

"Kitu si kitu!"

Afisa akatabasamu, akaandika. Nikapata mabawa.

"Ziwa ni nini hapa?"

Brian, yule asiyejua kunyamaza, akainuka. "Ni Shetani, mwalimu."

"Vizuri. Mwingine?"

"Ni mpango wa kando," akasema Mercy. "Ameingia kwa kitanda ya wenyewe."

Darasa likaangua kicheko. Hata afisa alicheka. Nikaandika ubaoni: ziwa, uvunjaji wa ndoa. Kuku juu ya kabati tukakubaliana ni viongozi, kwa sababu wako juu na hawatagi. Ndoo ni mzigo wa mlalahoi. Njia isiyokuwepo ni kizazi kilichopotea. Nilikuwa nagawa pongezi kama peremende, na chaki ilikuwa inavunjika kwa raha. Tashbihi pekee iliyokuwemo humo, ile ya popo, hakuna aliyeigusa, mimi nikiwa wa kwanza.

Kisha nikaamua kumwinua mshairi mwenyewe. Akinyi alisimama polepole. Chini yake sakafu ilikuwa na alama mbili za maji, na nikaziona, na nikaendelea.

"Tuambie, Akinyi. Ziwa linawakilisha nini?"

"Maji, mwalimu."

Wenzake wakacheka. Nikatabasamu, lile tabasamu la mtu mzima anayejua.

"Fikiria zaidi."

Akafikiria. "Maji mingi."

"Unajua," nikamgeukia afisa, "mara nyingine mshairi huandika asichokijua. Roho ya sanaa humtumia tu." (Nilitamka hayo. Kuna mashahidi.)

Afisa akanyoosha kalamu. "Na hiyo kona isiyo na maji, mwalimu?"

Hapo sasa. Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Jumatatu. Nikaweka chaki mezani, nikashusha sauti. "Kona ni utulivu wa nafsi. Mshairi hatafuti mahali. Anatafuta amani ambayo dunia haiwezi kumpa. Na zingatieni anasema 'Mwalimu'. Huyo mwalimu si mimi. Ni Mungu."

Kalamu ya afisa ikasimama. Nilidhani ni kwa heshima.

Nyuma kule, nyanya akainua mkono kama mwanafunzi. Nikampa ruhusa kwa furaha. Akamwinamia Mercy, aliyekaa mbele yake, akamwomba amsomee yaliyo ubaoni, na Mercy akamtafsiria kwa Dholuo mstari kwa mstari. Nyanya alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila mstari. Ndiyo, kitandani. Ndiyo, kwa jirani. Mercy alipofika kwenye kuku sauti yake ilianza kupungua, na alipofika mwisho hakuwa akicheka tena.

Nyanya akasimama.

"Japuonj," akasema, kwa upole kabisa, "mimi sijasoma. Lakini hiyo kona, umempatia ama bado?"

Sikuelewa. Nikasema, "Kona gani, dani?"

"Hiyo ya mwisho. Mtoto aliniambia ameshindwa kukuomba na mdomo, akaandika. Nikamuuliza, mwalimu amesema aje? Akaniambia, amesema ni mzuri sana, amenipatia kumi na nne. Sasa mimi nimengoja wiki mbili. Nilifikiria mnatengeneza. Nimekuja kuuliza ni kona gani, ndio nilete godoro yake."

Sijui mmewahi kutamani ubao uwaangukie. Mimi niliutazama wangu nikaona umepigiliwa vizuri.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Brian mwenyewe, anayecheka hata kwenye maombi, alikuwa anaangalia dawati. Akinyi alikuwa bado amesimama kwa sababu sikuwa nimemwambia akae. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa anayafuta. Mimi nilikuwa na neno "uvunjaji wa ndoa" nyuma ya kichwa changu, kwa herufi kubwa, limepigiwa mstari.

"Kaa chini, Akinyi," nikasema. Ni hilo tu lililotoka.

Afisa akafunga faili yake. "Mwalimu, kwao ni mbali?"

"Sijui," nikajibu. Hilo nalo ni jibu.

Saa ya chakula nikaenda nao. Kushuka ni kama robo saa tu kwa njia ya zamani, lakini njia ya zamani inaishia kwenye maji. Tukazungukia mlimani. Ilituchukua zaidi ya saa nzima, nyanya akiwa mbele, mimi nyuma nahema, na mtoto katikati akinipokea mkoba. Hiyo safari Akinyi anaipiga kila asubuhi na kila jioni, nami nilikuwa namngoja langoni na saa mkononi.

Nilivua viatu vya ngozi. Maji yalikuwa kwenye magoti yangu pale mlangoni. Kitanda kiko, na ziwa liko juu yake, kama ilivyoandikwa. Kabati liko. Kuku yuko juu ya kabati, na alinitazama jinsi wanavyotazamwa watu waliochelewa. Vitabu viko darini ndani ya mifuko ya nailoni, vimefungwa kwa kamba, vichwa chini. Nikawahesabu popo wale wote, wanane.

"Karibu, japuonj," nyanya akasema, akitafuta kwa macho mahali pa kunikalisha. "Unisamehe, viti iko, lakini yote imelowa."

Ameniomba msamaha. Yeye. Mimi nikasema asante, nikageuka nikajifanya natazama kuku, kwa sababu nilikuwa nalia.

Tuliporudi shuleni niliwasimulia wenzangu. Bi Awuor wa hisabati, ambaye huwa namcheka kwamba hana sikio la ushairi, alilichukua lile daftari lililovimba akalisoma mara moja, amesimama.

"Lakini huyu mtoto anaomba mahali pa kulala," akasema.

"Najua," nikamwambia.

"Umejua lini?"

Akanirudishia daftari.

"Walete godoro kwangu leo. Nina chumba ninachoweka mahindi, nitayahamisha." Akarudi kusahihisha mitihani yake. Muda wote huo haukutimia dakika mbili.

Kwa hiyo Akinyi yuko kwa Bi Awuor, mita mia moja kutoka langoni. Nyanya amekubali kumwambia shangazi wa Isebania asubiri hadi muhula uishe. Baada ya hapo, amesema, ataona ziwa linavyosema. Yeye mwenyewe amekataa kubaki. Kwa jirani wamebanana watu tisa, lakini lazima kila jioni aende kumlisha kuku. Sina la kuongeza hapo, na nisingependa mtu yeyote atafute maana yake.

Ripoti ya afisa nimepewa jioni. Ni mistari miwili. "Mwalimu anazijua tamathali za usemi barabara. Ashauriwe kujifunza kusoma."

Nimetia sahihi.

Kesho darasani nitaifuta kaulimbiu yetu. Nitawaambia kitu huwa ni kitu kwanza, na kabla ya kumfasiri mshairi mtazame miguu. Brian atauliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani. Nitamwambia imeshatoka, na mimi nimeanguka.

Basi chekeni, mna haki. Ombi langu ni moja tu. Ile picha ya Jumapili, niliyoandika "Ziwa letu limeamka na tabasamu", mkaijaza mioyo, wengine mkaihifadhi: leo nimesimama mahali pale penyewe. Ile alama inayong'aa majini upande wa kushoto, ambayo niliwaambia ni meno ya ziwa, ni bati la paa la jiko la nyanya. Mimi nimeshaifuta. Nanyi ifuteni.