Malazi Mepesi ya Kwenda Bukoba

Jumatatu, 9 Oktoba 1967

Siku kubwa! Kamati imenikabidhi malazi. Watu kumi na wawili wa hapa Ijumbi tutatembea kwa miguu mpaka Bukoba kuunga mkono Azimio la Arusha. Kulala njiani siku mbili. Ni nani mwingine angeweza kazi hii? Mimi ni karani wa mizani kwenye chama chetu cha kahawa. Uzito ndio elimu yangu.

Nilisimama nikahutubia. Nikasema mtu anayejitegemea hapigi hodi usiku kwa wenyeji, analala rweya, kwenye nyasi na mawe, kwa vifaa vyake mwenyewe. Mwenyekiti wetu, Mzee Rutashobya, aliguswa sana. Kisha Karugendo, ambaye paa zote za kijiji hiki ameziezeka yeye na kwa hiyo anajiona msemaji wa mbingu, akauliza: na mvua? Nikajibu kwamba kwa hesabu zangu mvua za mwaka huu zitaanza Novemba.

Sina hesabu yoyote ya mvua. Lakini walipiga makofi.

Baada ya kikao nilipima malazi ambayo Karugendo amekusudia kubeba. Mkeka, blanketi, na mbugo mbili za babu yake, zile nguo nene za gome la mti. Ratili ishirini na moja! Huyu haendi matembezi, anahama. Nimetangaza sheria: malazi ya mtu mmoja yasizidi ratili nne.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimekwenda Bukoba kwa basi, dukani kwa Mulji. Alinionyesha hema la turubai. Zito, linataka wanaume wawili na punda. Nikamwambia nataka chepesi. Akatoa robota la nailoni nyembamba, unaona mkono wako upande wa pili. Mulji ni mtu mkweli kupita kiasi. Aliniambia, "Bwana Karani, hii ni ya kufunikia vitambaa visiingie vumbi. Si ya mvua."

Nikamjibu kwamba najua. Nikachukua robota zima kwa fedha ya kamati.

Nilipokuwa natoka nikaona kitu juu ya rafu. Kihema cha Mzungu mmoja aliyekuwa akipima mawe huku, akarudi kwao. Chepesi kama kanzu! Ndani yake mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya ya bata, unakunjika mpaka unakuwa kama papai. Vyote viwili havifiki ratili sita. Kimoja tu, hakuna kingine Bukoba nzima. Mulji alisema kingemfaa mtu yeyote asiye na kifua kizuri.

Nilikinunua kwa fedha yangu mwenyewe. Kwa hiyo si wizi. Naandika hapa ili isomeke vizuri: fedha yangu mwenyewe.

Ratili sita si nne, najua. Lakini msimamizi hubeba zaidi. Ni kujitolea.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimefanya majaribio migombani. Nikaingia mfukoni, nikajifunga mpaka kidevuni. Joto! Ulaini! Nikasinzia. Nikaamshwa na ukelele wa mke wangu Klaudia. Alikuja kukata majani ya kufunikia ndizi, akaona kichwa cha mumewe kimetoka kwenye kitu kama kiwavi.

Alipoona ni mimi alisogea karibu. Akashika kile kitambaa, akakipapasa. Akauliza, "Baba Kokugonza, na wenzako wamepata hivi?"

Nikamwambia mambo ya kamati ni magumu kuyaeleza. Akaniangalia. Sipendi namna ile anavyoniangalia.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimegawa malazi mbele ya ofisi ya tawi. Kila mtu kipande cha nailoni, kamba, na gunia tupu la kahawa. Maarifa yangu yako kwenye gunia: unalibeba tupu, ukifika unalijaza nyasi kavu, tayari godoro! Watu walistaajabu. Ratili mbili na nusu tu kwa mtu.

Mwalimu Immakulata, anayefundisha darasa la tatu na kuimbisha kwaya, alikuja na blanketi lake la bluu mkononi. Aliuliza kwa adabu kama haruhusiwi kuliongeza, maana kifua chake husumbua wakati wa baridi. Ningeweza kusema ndiyo. Blanketi lenyewe lilikuwa na ratili tatu. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na sheria ni yangu. Nikasema blanketi ni kasumba ya kikoloni.

Wote wakacheka. Yeye akalikunja, akampa mdogo wake alirudishe nyumbani.

Karugendo aligoma. Alimwambia Mwenyekiti kwamba atabeba yake ishirini na moja kwa kichwa chake mwenyewe, na kichwa chake hakijataifishwa. Wote wakacheka tena, zaidi kuliko mara ya kwanza. Nilikereka.

Jumatatu, 16 Oktoba, jioni, njiani

Tumetembea vizuri! Mimi mbele, mwepesi, bendera mkononi. Karugendo nyuma kabisa, mzigo kichwani, jasho linatiririka. Nilimwuliza kwa sauti kama na kitanda kimo.

Tumefika rweya, bado kidogo Muhutwe. Nimechagua mahali pa kambi, bonde dogo zuri lililokingwa na upepo. Karugendo akasema penye bonde maji hukusanyika. Maji gani? Anga safi! Nimewaonyesha kufunga nailoni kwenye fimbo na kujaza magunia. Mwalimu Immakulata amejaza la kwake vizuri kuliko wote.

Kihema changu nimekisimamisha nyuma ya jiwe kubwa, mbali na kambi, juu ya mwinuko. Nimewaambia nalinda.

Jumanne, 17 Oktoba, asubuhi

Mungu wangu.

Mvua ilianza tukiwa tumelala. Si manyunyu. Mvua ya ziwa, ya upepo na mawe. Nilisikia nailoni zikipasuka, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechana barua. Nikasikia watu wakiitana. Nikasikia Mzee Rutashobya akisema magunia yanaelea.

Nikajiambia, Apolinary, amka uende.

Mfukoni mlikuwa na joto. Nikajiambia nitakwenda ikipungua. Nikasikia mtu akikohoa. Nikavuta kile kifuniko cha manyoya nikakiweka juu ya masikio.

Kisha nikalala. Naandika kama ilivyokuwa. Nililala.

Asubuhi nilichungulia kutoka nyuma ya jiwe. Kumi na mmoja, wamesimama wamekumbatiana chini ya mbugo za Karugendo na mkeka wake. Wamesimama hivyo usiku kucha, wakipokezana katikati penye joto. Bondeni hamna kambi, mna dimbwi. Kipande kimoja cha nailoni kiko juu ya mkaratusi, kinapepea.

Nikajitazama. Nilikuwa mkavu. Shati kavu, soksi kavu, nywele kavu kama za bwana harusi. Ningetokaje mbele ya watu vile?

Nikapata akili. Nikashuka kijitoni upande wa pili, nikajimwagia maji kichwani. Nikachovya shati. Ili ushahidi usibaki nikachovya na mfuko wa manyoya, nikaukanyagakanyaga. Nikasikia hatua. Karugendo, na ndoo, amekuja kuteka maji ya chai.

Alinitazama muda mrefu. Mimi nimeshika mfuko, maji yananitoka puani.

"Malizia na mgongo, Karani," akasema. "Mgongo bado mkavu."

Akateka maji yake akaenda.

Jumanne hiyo hiyo, jioni, Kemondo

Karugendo hajamwambia mtu. Kutwa nzima namsubiri aseme. Hasemi! Anapita na mzigo wake, ambao sasa umelowa na una uzito mara mbili.

Saa nane mchana Mwalimu Immakulata alikaa chini kando ya barabara. Homa. Anatetemeka, midomo ya kijivu. Tulisimamisha lori la ndizi limpeleke zahanati. Wakati tunampandisha alinishika mkono. Akasema asante, Ndugu Apolinary, na wewe umelowa kama sisi na bado unatuongoza.

Watu walisikia. Mzee Rutashobya akanipigapiga begani. Nilitazama matairi ya lori.

Nikasema, "Si kitu, Mwalimu."

Si kitu! Ndivyo nilivyosema!

Jumatano, 18 Oktoba, Bukoba

Usiku wa pili tulilala tena nje, kwa ajili ya ile hotuba yangu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga hodi. Manyoya yakilowa hayakauki. Kihema sikuthubutu kukisimamisha; nililala pembeni, gizani wasinione, ndani ya bata waliokufa maji. Meno yaligongana mpaka nikauma ulimi. Katikati ya usiku kitu kizito kikaniangukia, kinanuka moshi na nyumba ya zamani. Nusu ya mbugo ya Karugendo. Yeye alikuwa upande wa pili, amenipa mgongo.

Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba nitawaeleza wenzetu. Akasema nilale, asubuhi bado kuna kilima.

Leo mchana tumeingia Bukoba. Ngoma, bendera, watu pande zote mbili za barabara! Mzee Rutashobya alitoa taarifa kwamba kikundi cha Ijumbi kimelala porini siku mbili bila kumsumbua mwananchi yeyote, chini ya msimamizi wake wa malazi. Nikaitwa jukwaani. Nikaapa moyoni kwamba nitasema yote. Nikafungua kinywa.

Nikasema, "Ndugu zangu, usiku ule tulilowa sote."

Makofi. Karugendo naye alipiga. Matatu, polepole.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimekwenda Kishanda, kwa wazazi wa Mwalimu Immakulata. Yupo, amekaa uani, yule mdogo wake anamletea uji. Kifua bado kinakereza akivuta pumzi. Amejifunika lile blanketi la bluu. Nilijitahidi nisiliangalie.

Nilimweleza yote. Hema, mfuko, jiwe, kijito. Sikuacha kitu. Nilipomaliza, aliendelea kukoroga uji.

Kisha akasema, "Najua. Nilikuja kukuita."

Nikamwuliza, lini?

"Mvua ilipozidi, Mzee alinituma nije nikuite kule ulikokuwa unalinda. Nikafika kwenye jiwe. Ulikuwa unakoroma, Ndugu Apolinary."

Maana yake wakati ule ananishika mkono pale kwenye lori, anasema asante, alikuwa anajua! Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba watu walikuwa wanatembea kwa ajili ya Azimio, si kwa ajili yangu, na walikuwa bado na safari. Alirudi chini ya mbugo akawaambia hakuniona gizani. Kisha akaniuliza kama kweli mfukoni kulikuwa na joto. Nikakiri. Sana. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, mama yake akatoka akaniangalia kwa namna ya Klaudia.

Nilitembea kurudi nyumbani nikitamani barabara iwe ndefu zaidi.

Jumapili, 22 Oktoba

Baada ya misa niliomba kamati ikae. Nikasimama nikasema yote, safari hii bila hotuba. Hakuna aliyecheka. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuchekwa. Mzee Rutashobya alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Malazi amepewa Karugendo. Karugendo alisema asante, na kwamba kila mtu abebe blanketi lake.

Nilikuwa natoka na kofia mkononi wakaniita. Mwezi ujao kamati inavuka kwa mashua kwenda Goziba kuwaelezea Azimio wavuvi kwenye kambi zao. Mzee alisema mtu hatupwi kwa kosa moja. Nimepewa chakula. Nishughulikie ndizi tu, basi, mikungu kumi, hata mtoto hawezi kukosea. Niliapa mbele yao wote kwamba nitafanya kama nilivyoambiwa, sitaongeza wala kupunguza.

Nimetubu kweli. Nimelia kidogo, Klaudia ni shahidi.

Ila nimekaa hapa nafikiri. Mikungu kumi! Mashua yenyewe ndogo. Na ndizi ni nini? Umenye, uikate, uianike juani siku tano, inabaki kama gome. Ukiitwanga, mikungu kumi inaingia kwenye mfuko mmoja. Ndizi karibu yote ni maji, na Goziba imezungukwa na maji pande zote. Kwa nini tubebe maji juu ya maji?

Karugendo atauliza, na jua lisipowaka? Najua atauliza. Nitamwambia kwa hesabu zangu litawaka mwezi mzima.

Nimemwambia Klaudia anitafutie kisu.